Kumbukumbu ya Ardelia Stokes, Mchekeshaji Aliyekataa Aproni

Mwaka umetimia, dada Ardelia, tangu tukuzike, na watu wanatarajia niandike kwamba majonzi yamepungua. Hayajapungua. Yamegeuka hasira, na hasira yenyewe sina pa kuiweka, ndiyo maana naimwaga hapa gazetini, majirani zako wote waisome wakinywa kahawa yao ya asubuhi.

Mhariri wa ukurasa huu aliniambia mistari minne inatosha. Akanionyesha mfano: malaika, bustani, nyota imezimika. "Hivi ndivyo familia zinavyopenda, Bi Gaither," akasema. Nikamwambia huyu ninayemwandikia alikuwa na mdomo, na malaika wakimsogelea vibaya atawajibu. Nikamwambia nataka ukurasa mzima. Aliponitazama usoni hakubishana.

Kwa hiyo niko hapa saluni, leo Jumatatu, siku ambayo hatufungui. Mama amekaa kwenye kiti cha wateja ananisimamia. Kila nikiinua kalamu ananiuliza nimefika wapi. Unamjua.

Wako watoto humu humu Baltimore wanaodhani wanawake wamekuwa wakisimama peke yao kuchekesha tangu dunia iumbwe. Waambiwe. Ulipoingia Ukumbi wa Lyndale, mwanamke mweusi jukwaani alikuwa na kazi tatu tu: aimbe, aonyeshe miguu, au awe mke wa mchekeshaji. Huyo mke alisimama pembeni, akaambiwa nyamaza, akapigwa kwa kofia kichwani, watu wakacheka. Wewe ulikuwa mke wa Lucious Tarver. Wa jukwaani, nasema, maana nyumbani ulikuwa na Wendell wako, na Tarver hata kikombe cha kahawa hakupata kwako bila kuomba mara mbili.

Maneno yalikuwa yako. Hilo nalisema wazi, na anayetaka kubisha aje hapa Mtaa wa Division, mlango wenye pazia la njano, nipo. Ulikuwa unayatunga kichwani huku unapiga pasi mashati ya wazungu kule Roland Park. Jioni unamkalisha Tarver kwenye ngazi zetu za marumaru unamfundisha kama mtoto wa darasa la kwanza: hapa vuta pumzi, hapa nyamaza, hapa usicheke wewe, waache wao. Akipanda jukwaani, yeye ndiye anayesema na wewe ndiye unayepigwa kofia. Magazeti yakaandika kwamba Tarver ana akili nyingi.

Halafu siku moja Tarver akakosa treni kutoka Philadelphia.

Ilikuwa onyesho la alasiri, ukumbi umejaa, watu wameshaanza kupiga miguu sakafuni. Meneja wa wakati ule, ambaye naye ameshakufa na sitamtaja, alikuja nyuma ya pazia jasho linamtoka.

"Imba chochote," akakuambia.

"Siimbi."

"Cheza basi."

"Bwana wee, nimesimama tangu asubuhi. Miguu inawaka."

Akaenda chumba cha mavazi akarudi na aproni na kitambaa chekundu cha kichwani. "Haya, vaa hivi uende. Angalau watu watajua kwamba wanatakiwa kucheka."

Ulikuwa ndiyo kwanza umetoka kazini. Uliitazama ile aproni, ukamtazama yeye, ukasema, "Hiyo nimeivua sasa hivi. Bibi Prescott ananilipa niivae. Wewe itabidi unilipe niivue."

Ukatoka na gauni lako la bluu la kanisani, mikono mitupu. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa ya ukumbi. Mwanaume mmoja huko juu roshani akapiga kelele, "Mumeo yuko wapi?"

"Nimemwacha kituoni," ukamjibu. "Nilichoka kumbeba."

Hapo ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na kabla hawajatulia ukaweka mkono sikioni kama mtu aliyeshika simu. Ukaanza.

"Haloo, nyumbani kwa Bibi Prescott. Hapana, hayupo. Sijui atarudi saa ngapi, ngoja nimuulize. Anasema hajui. Ndiyo, mama, hayupo kabisa. Yuko hapa mbele yangu, ananionyesha kidole kwamba hayupo."

Nani kati yetu hakuwahi kuipokea simu ile? Ukumbi mzima ulikuwa wa wapishi, wafua nguo, madereva, yaya. Watu walilia kwa kucheka. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alikuwa anampiga mumewe mgongoni, "Ndivyo alivyo! Ndivyo alivyo hasa, haki ya Mungu, huyo bibi namjua!" Kumbe hakuwa anamjua Bibi Prescott. Alikuwa na Bibi Prescott wake mwenyewe.

Tangu siku ile hukuwa tena mke wa mtu jukwaani. Mwanamke wa kwanza kusimama peke yake Lyndale, bila wimbo, bila mguu nje, bila mwanaume wa kumwambia nyamaza. Ukaenda Pittsburgh, ukaenda Macon, ukaenda miji ambayo hoteli zilikufungia mlango ukalala sebuleni kwa wake za wachungaji. Na kila mji, jamani, kila mji walikuwa na aproni yao nyuma ya pazia inakusubiri. Wengine walikubembeleza, wengine walikutukana. Kuna mahali walikunyima jukwaa, ukapanda basi ukarudi nyumbani na mzigo wako bila kufungua mdomo. Uliingia hapa saluni umekunja uso, ukasema, "Wana aproni nyingi kuliko sabuni."

Hata yule bwana wa televisheni alipokuja, hadithi ilikuwa ile ile. Alisema anakupenda. Alisema Marekani nzima itakupenda. Kisha akasema wamekushonea vazi, na akalitoa kwenye sanduku. Hukumaliza hata kahawa yake. Ndiyo maana leo hakuna filamu hata moja yenye sura yako, hakuna sahani ya santuri yenye sauti yako. Mtu akitaka kujua ulikuwaje inabidi atuulize sisi tuliokuona, na sisi tunazeeka.

Wateja wangu wanasema nisiwasahau, na kweli haki yao. Kila kichekesho chako kilizaliwa hapa, Jumamosi, wakati mwanamke amekaa kwenye kiti na mimi nimeshika chanuo la moto la kunyooshea nywele karibu na sikio lake. Nani asiyejua kwamba ukitingishika hapo umeungua? Wewe ulikuwa unasubiri wakati huo huo. Unaegemea mlango, unaanza, "Juzi Bibi Prescott kanituma sokoni," na mimi nakupigia kelele, "Ardelia, subiri!" Husubiri. Mtu akicheka, anaungua, anapiga ukelele, na wewe unapiga makofi: hicho kimeiva, kinakwenda Lyndale. Wasipoungua unakitupa. Bi Earlene Mapp ana alama mbili kwenye sikio la kulia na moja la kushoto, na hajawahi kuhama saluni.

Jukwaani ulikuwa moto, nyumbani mkimya. Ulikuwa mnunaji, tuseme ukweli. Ulikula kabichi yangu chachu ya Siku ya Shukrani moja kwa moja kwenye sufuria, ukavaa viatu vyangu bila kuniambia. Lakini gesi ya jirani ikikatwa, ni kwako walikokuja. Ulikaa chini, ukajikohoza, ukapiga simu kampuni ya gesi kwa sauti ya Bibi Prescott: "Kijana, ninamwajiri mwanamke mmoja wa mtaa huo na sipendi aje kwangu akiwa na baridi." Kabla ya chakula cha jioni jiko limewaka. Hukumdai mtu asante, na ukipewa unakasirika.

Sasa nimefika kwa Mama. Nimemsomea sehemu hii kwa sauti kwa sababu sisemi watu nyuma ya migongo yao.

Mama hakuja kukuona. Si Lyndale, si kwingine. Alikuwa mama wa kanisa, anakaa benchi la mbele na gauni lake jeupe, na kwake Lyndale ilikuwa nyumba ya walevi. Ila si dini tu. Uliposema umealikwa kusimama peke yako, alikujibu mbele yetu sote, mezani, tukiwa tunapasua kaa wa baharini juu ya magazeti: "Mimi wazungu wamenicheka jikoni kwao maisha yangu yote, na sikuwa na la kufanya. Wewe unakwenda kuchekwa kwa hiari yako. Usiniite nikaone." Uliendelea kupasua kaa. Na bado ulimwita, kila mwaka, kila onyesho kubwa, na kila mara alikuwa na kikao cha kanisa.

Nilikasirika naye wakati ule na nimekasirika naye leo. Nimemwambia. Amesema, "Andika."

Ukaugua, ukafa. Sina la kuongeza hapo, Wendell ameniomba nisiguse.

Tarver hakuja mazishini. Alituma shada la maua lenye umbo la simu, mkono wa simu umening'inia, na utepe mweupe ulioandikwa YESU AMEPIGA SIMU. Kila mtu wa huku ameliona shada la namna hiyo kwenye mazishi ya mashemasi, na halina ubaya. Lakini yeye akutumie wewe simu! Kaka yetu Obadiah alitaka kulirusha barabarani. Wendell, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, akasema, "Liacheni. Angejibu kwamba hayupo." Tulicheka pale pale mbele ya jeneza, mchungaji akatukazia macho, na ndicho kitu pekee cha siku ile ninachokikumbuka bila kuumia.

Maua yalikuwa hayajakauka vizuri, Tarver akatokea kwenye televisheni.

Bi Earlene alikuwa kwenye kiti. Televisheni ipo juu ya rafu, tunaiangalia kwa jicho moja. Mara anatoka Lucious Tarver amevaa gauni, matiti ya matambara, mto umefungwa matakoni, kitambaa chekundu kichwani, na aproni. Aproni nyeupe hadi magotini. Akaweka mkono sikioni, akasema, "Haloo, nyumbani kwa Bibi Prescott."

Neno kwa neno, dada. Hata pale unapovuta pumzi.

Nikasikia harufu ya nywele zinaungua, nikagundua chanuo nimeliegemeza kwenye nywele za Bi Earlene bila kujua. Bi Earlene hakulalamika. Alisema polepole, "Mimi niliunguzwa sikio kwa kichekesho hiki. Yeye alikuwa wapi?"

Kilichoniuma zaidi si Tarver. Tarver namjua, hana haya wala soni, angeiba hata kiti akiwa amekikalia. Kilichoniuma ni watu wetu. Nikipita Pennsylvania Avenue wananisimamisha, meno yote nje: "Corinthia, umemwona Tarver? Loo, yule bibi wake wa simu atatuua!" Bibi wake! Watu hao hao waliokupigia makofi Lyndale. Nikiwaambia yale ni maneno ya Ardelia, wanasema, "Aa, kweli? Lakini naye anaweza, eh?" Anaweza nini? Amekuchukua mzima mzima, kisha akakuvika kile ulichokikataa maisha yako yote. Na mlicheka. Nyinyi mnaosoma hapa, mlicheka, na wengine wenu najua nyumba zenu.

Mwezi uliopita Everett Poole, ambaye sasa ndiye anaendesha Lyndale, akaja hapa na kofia mkononi.

"Mama Stokes, dada Corinthia," akasema, "mwaka wa Ardelia unakaribia. Tunataka kuweka picha yake ukutani, pale mlangoni, pamoja na wakubwa wote."

Mlangoni pale wapo wapiga tarumbeta, waimbaji, wachekeshaji wanaume chungu nzima. Yupo hata mtu aliyecheza na mbwa. Wewe hupo. Nikauliza, "Umekumbuka leo?"

"Nimekumbuka, dada. Jumapili alasiri, baada ya kanisa. Familia mtakaa mbele. Na ndugu Tarver amekubali kuja kumuenzi."

"Kumuenzi vipi?"

Akaizungusha kofia. "Atafanya kidogo ile ya simu."

"Na aproni?"

"Dada, watu wanamjua hivyo sasa. Bila Tarver sijazi hata safu tatu. Bila watu sina sherehe, na bila sherehe wenye jengo hawaniruhusu kupigilia hata msumari."

Nilimwonyesha mlango. Nilikuwa bado nimenyoosha mkono Mama aliposema kutoka pembeni, "Tutakuja."

Poole alitoka mbio kabla Mama hajabadili mawazo, na mimi nikamgeukia Mama. Sijawahi kumpandishia sauti mama yangu namna ile. "Akiwa hai hukukanyaga! Leo unakwenda kumwona Tarver?"

"Nakwenda kuona picha inapigiliwa."

"Kwa kumwacha yule mtu amvalishe aproni?"

"Yule mtu atacheza dakika zake atashuka," Mama akasema. "Ukuta utabaki. Mimi nikifa, na wewe ukifa, nani atasema kwamba Ardelia alikuwepo? Niambie. Nani?"

Filamu hakuna, santuri hakuna. Ukuta ule ndio uliobaki. Basi nikameza hasira yangu, nikamwahidi Mama kwamba Tarver atakapotoka nitauma meno na sitasema kitu mpaka msumari uingie.

Jumapili tukaenda. Mama alivaa nyeupe yake ya kanisa, kofia na glovu. Lyndale ilijaa mpaka kwenye ngazi. Tulikaa safu ya mbele: Wendell, Obadiah, mimi, na Mama pembeni karibu na ngazi za jukwaa. Picha yako ilikuwa imesimamishwa kwenye kiti upande mmoja, imefunikwa kitambaa. Poole akasema maneno mazuri, akakuita nguzo, akakuita mama wa vichekesho. Kisha akasema, "Na sasa, kwa heshima yake!" Pazia likafunguka.

Alitoka na vyote. Mto, matambara, kitambaa chekundu, aproni. Akajitingisha matako mara moja tu, na ukumbi ukalipuka. Nikauma meno kama nilivyoahidi.

"Haloo," akaanza, "nyumbani kwa Bibi Prescott."

Mama akasimama. Nikamshika mkono wa gauni. "Mama, kaa. Picha."

"Niache."

Akapanda zile ngazi moja moja akishikilia ukuta. Tarver alimwona, akageuka kwa watu, akapanua mikono. "Mabibi na mabwana, mchumba wangu amefika! Mama, taratibu, usiuvunje mguu kabla hatujafunga ndoa!" Watu wakaangua kicheko. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Mama alifika mbele yake akasimama. "Vua," akasema.

"Mbele ya watu hawa wote, mpenzi?" Wakacheka tena.

"Vua aproni."

Tarver akainama, akashusha sauti, lakini maiki ilikuwa hapo hapo na kila mtu alisikia. "Mama Stokes, ni utani tu. Usiniharibie."

"Mimi nimevaa hiyo tangu sijavunja ungo," Mama akasema. Hakupaza sauti. "Nimeivaa na mimba ya Ardelia, nimeivaa siku nilipomzika baba yake maana hawakunipa ruhusa ya siku nzima. Niliivaa ili yeye ale. Alipokua akasema yeye haivai mbele ya watu, kwa fedha yoyote. Vua."

"Mama, watu wamekuja kucheka."

"Watacheka. Vua kwanza."

Huko juu mtu mmoja alicheka peke yake, akaacha. Tarver akapeleka mikono nyuma akahangaika na kifundo, hakikufunguka. Mama akamshika mabega, akamgeuza, akamfungulia yeye mwenyewe. Akaikunja ile aproni mara nne, akaiweka chini ya kwapa.

"Haya," akamwambia. "Sasa sema."

Lucious Tarver aliweka mkono sikioni. "Haloo," akasema. Akatutazama. "Haloo, nyumbani kwa..." Na hapo akakwama. Alikuwa amesimama na gauni lake na mto wake, jasho linachirizika kwenye rangi ya midomo, na hakuna hata mtu mmoja katika ukumbi ule aliyecheka. Hata wale waliokuwa wanakaribia kufa kwa kicheko Pennsylvania Avenue. Niliwageukia nikawatazama mmoja mmoja. Walikuwa wanaangalia magoti yao.

Sauti ikatoka huko juu, "Mwacheni mama aseme!"

Mama akasogea mbele kidogo kwenye mwanga. Akaangaza macho kama mtu anayemtafuta mtu. Kisha akasema, "Mimi sina la kusema. Aliyekuwa nalo mmemzika." Akashuka.

Poole alitukuta mlangoni, picha yako iko chini ya mkono wake, kitambaa kinaburuta. Alikuwa karibu kulia. "Mmeniharibia siku, Mama. Tarver ameondoka. Wenye jengo wamesema hapana, hakuna picha. Mnaona sasa? Hakuna picha!"

Hapo nikafungua mdomo wangu, nilikuwa nimeuhifadhi alasiri nzima, lakini Mama akanitangulia. "Nipe mwanangu," akamwambia. Poole akampa. "Na ukuta wako kaa nao, umpigilie yule mbwa."

Ndivyo ilivyokuwa, dada. Ukuta hatukuupata. Wako watu mtaani wanaosema Mama amezeeka, amechanganyikiwa, amekukosesha nafasi yako ya pekee. Waje waniambie mimi. Tumekosa, ndiyo, na inaniuma kama jino, lakini heri wasikuweke kuliko wakuweke kwa kumwacha Tarver akuvike aproni.

Ninalotaka ulijue ni la ndani ya gari. Obadiah anaendesha, Mama yuko nyuma nami, picha iko mapajani mwake. Tukavuka North Avenue. Kisha akasema, "Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie nini, Mama?"

"Kwamba pale juu huoni mtu. Zile taa zinakupiga usoni, mbele ni giza tupu. Nilikuwa nawatafuta nyinyi, watu wa safu ya mbele kabisa, sikuwaona." Akaniuliza kwa namna ya mtu anayetaka kupewa jibu zuri. "Basi hakuwa anajua. Eh, Corinthia? Na giza lile lote. Hakuwa anaweza kujua kama nimekuja au sijaja."

Ningeweza kumpa jibu hilo. Mtoto mwema angempa. Lakini nilikuwa na hasira ya miaka mingi tumboni, na wewe mwenyewe hukupenda kudanganya watu wazima.

"Alijua, Mama," nikamwambia. "Kila onyesho la Lyndale, kabla pazia halijafunguka, alikuwa ananishika mkono nyuma ya jukwaa ananiuliza, 'Mama kaja?' Namwambia hajaja. Ananiuliza, 'Umeangalia vizuri?' Namwambia nimeangalia. Basi anatoka anakwenda kuwachekesha."

Mama alilia mpaka tukafika nyumbani. Sikumnyamazisha.

Leo, nilipofika mahali pa kuandika majina, alinyoosha mkono akanizuia. Akaniambia jina lake liwe la mwisho, na akanitajia maneno ya kuandika. Nikamwambia watu hawaandiki hivyo kwenye kumbukumbu, kwamba huandikwa mama mpendwa, mama mwenye majonzi. Akasema yeye anajua watu wanaandika nini, niandike alivyosema. Nimeandika.

Wanaokukumbuka, Ardelia, na watakaokukumbuka mpaka nao wakumbukwe, ni mumeo Wendell. Kaka yako Obadiah na wanawe. Mdogo wako Corinthia. Bi Earlene Mapp na wanawake wote wa saluni ya Mtaa wa Division. Na mama yako, Zenobia Stokes, ambaye hakuja.